Bibo, Pweza na Mtepe: Mwongozo wa Kushona Vyakula vya Kuchezea kwa Mkono

Watoto wa mwambao wetu, tangu Kilwa hadi Lindi na kuendelea Mikindani, hawakungoja vyombo vya kuchezea viletwe dukani ndipo waanze kupika. Kwani kifuu kwao ni sufuria, mchanga wa pwani ni mchele, majani yoyote ni mchicha, na mgeni akipita penye mchezo wao hukaribishwa kwa taadhima aje ale. Mwongozo huu umekusudiwa kwa mtu mzima, awe mama, baba, bibi au mwalimu wa watoto wadogo, apendaye kuingia katika karamu hiyo na hidaya iliyoshonwa kwa mkono wake mwenyewe: vyakula vya bandia na mapambo ya kufurahisha macho, vya kitambaa laini, visivyovunjika wala kukata kidole, ambavyo mtoto wa leo atavichezea mpaka amrithishe mdogo wake. Naandika hasa nikimfikiria mkazi wa Rasbura, akaaye kandokando ya ghuba ya Lindi, ambaye pengine hana duka la vitambaa jirani naye, lakini ana mitumba sokoni, ana misufi mashambani, na ana mbele ya macho yake, kila kukicha, vielelezo vyote anavyovihitaji.

Sharti langu la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote, ni hili: shona kile kinacholiwa nyumbani kwako. Vielelezo vingi vya ufundi huu hutoka Ulaya, Marekani na Japani, ambako kitambaa hushonwa kikawa keki za tabaka, matunda ya stroberi na mikate iliyojazwa nyama. Ni kazi nzuri zenye ustadi, wala sizidharau, ila mtoto wa Rasbura apewapo stroberi huipokea kwa adabu akaiweka kando, kwa kuwa hajapata kuiona shambani, hajui hukatwaje wala huliwa na nini. Mpe bibo lenye korosho yake, mpe changu, mpe kitumbua na pweza, nawe utaona mara anavyovigawa katika sahani, anavyomwambia mwenziwe apulize kwanza kwa kuwa ni vya moto, na anavyokukosoa wewe uliyeshona ikiwa umesahau pezi au umepunguza mkono mmoja. Kwani mtoto hukosoa akijuacho, na hapo ndipo mchezo na elimu vinapokutana. Kwa hiyo kabla ya kushika mkasi nenda sokoni ukatazame. Nunua bibo moja, liweke juu ya meza, ligeuze, lipime kwa vidole, uone rangi yake ilivyo juu na ilivyo chini. Saa moja ya kutazama hivyo itakuongoza vizuri kuliko ruwaza yoyote utakayopewa na mtu mwingine, nikiwemo mimi.

Ama kitambaa chenyewe huitwa felti, nacho si kitambaa cha kufumwa, na katika jambo hili moja ndimo ulimo wepesi wake wote. Kanga, kikoi na marekani vina mtande na mshindio, hivyo ukivikata nyuzi hufumuka ukingoni na hapana budi upinde, na kupinda upindo katika kitu chenye urefu wa kidole ni mateso hata kwa fundi hodari. Ilhali felti ni sufu ya kondoo iliyoshindiliwa kwa maji ya moto, sabuni na msuguano, mpaka nywele zake, zilizo na magamba madogo mno yasiyoonekana kwa macho, zikaingiana na kushikana zisiweze tena kuachana, kwa hiyo hukatwa kwa sura yoyote na hubaki kama ilivyokatwa. Wazee wetu waliivaa vichwani, kwani tarbushi za mabwana wa mwambao na za askari wa King's African Rifles zilikuwa za sufu iliyoshindiliwa; na huko Mongolia na nchi za jirani zake wafugaji wanaohamahama hufunika kwayo mahema yao wakajikinga na baridi kali. Katika mji wa Giengen, Ujerumani, mwaka 1880, Margarete Steiff, mwanamke aliyepooza miguu kwa maradhi ya polio tangu utotoni, na ambaye hata mkono wake wa kuume ulikuwa mzito, alishona tembo wadogo wa felti wawe mito ya kuchomekea sindano. Watoto wakawapenda wakawafanya wanasesere, na kutokana na tembo hao ikakua kazi iliyojulikana ulimwenguni kote. Namtaja ili msomaji anayedhani vidole vyake si vyepesi asikate tamaa kabla hajaanza.

Felti ya viwandani, ambayo siku hizi aghalabu si sufu bali ni nyuzi za plastiki, huuzwa kwa vipande, na mwenye safari ya Dar es Salaam aitafute kwa wauza vifaa vya ushonaji Kariakoo. Lakini aliye mbali na Kariakoo anaweza kuitengeneza mwenyewe, nami naipenda zaidi hiyo ya kutengeneza, maana huwa nene, laini, na yenye rangi zilizopoa. Tafuta katika mitumba sweta, skafu au sketi ya sufu tupu, ambayo wanunuzi wengi huipita kwa kuwa joto letu haliitaki na bei yake huwa nafuu. Ikiwa haina kibandiko cha kueleza asili yake, chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti: sufu hunuka kama nywele iliyoungua, ikaacha majivu yanayosagika kwa vidole, na nyuzi za plastiki huyeyuka zikaganda kuwa kitone kigumu. Ukiisha kuwa na yakini, ioshe katika beseni kwa maji ya moto kadiri mikono yako inavyoweza kustahimili, pamoja na sabuni ya mche, uisugue na kuikamua kwa nguvu, uitumbukize ghafla katika maji baridi, kisha uirudishe katika ya moto, ukiendelea hivyo bila ya kuihurumia mpaka vitanzi vya ufumaji visionekane tena na nguo imejikunyata ikawa nzito. Kitendo hichohicho ambacho kingeharibu sweta la kuvaa ndicho kinachotupa kitambaa chetu. Zipo sufu zilizotiwa dawa kiwandani ili zisijikunyate, nazo hazitakutii hata ukizisugua kutwa, ziache. Anika kivulini, juu ya mkeka, bila ya kuitundika, na ikikauka ipige pasi yenye mvuke.

Rangi zitokane na nguo zenyewe ulizochagua, ila njano, ambayo ni adimu katika mitumba na ndiyo tunayoihitaji kwa maembe na mabibo, yaweza kupatikana jikoni: chemsha manjano ya unga katika maji, tumbukiza kipande cha sufu nyeupe kilichokwisha kuloweshwa, uache moto mdogo kwa nusu saa hivi, kisha kiache kipoe humohumo. Rangi hiyo hung'aa sana, lakini hupauka juani, hivyo isitumike kwa mapambo ya dirishani.

Vifaa vingine ni vichache: sindano nyembamba zenye tundu refu, mkasi mkali usiokata kitu kingine chochote, karatasi ngumu ya kukatia ruwaza, chaki, subana ya kukinga kidole, na uzi wa kudarizi, ambao kila uzi wake ni nyuzi sita zilizolazwa pamoja, nawe utazitenga mbilimbili kwa mishono ya kawaida. Uzi ulioutunga usizidi dhiraa moja. Ukiwa mrefu utafanya vifundo na kukumalizia subira. Kwa kujazia hapana kilicho bora kwetu kuliko sufi, ile pamba nyepesi ya msufi ambayo wazee waliijazia magodoro na mito, nayo ina nta ya asili isiyopenda maji, hata ilikuwa ikitiwa katika majaketi ya kuokolea watu baharini. Ichambue utoe mbegu zote, na unapoichambua funika pua kwa kitambaa, maana vumbi lake huwasha na kukohoza.

Mshono wa kwanza kujifunza ni ule wa ukingoni, uonekanao kwenye ncha za mablanketi. Weka vipande viwili sawasawa, choma sindano milimita 4 kutoka ukingoni ukitokea upande wa pili, na kabla hujauvuta uzi wote pitisha sindano ndani ya kitanzi kilichosalia, kisha kaza kwa wastani, uzi ulale juu ya ukingo. Rudia kwa nafasi zilizo sawa. Ukikaza mno ukingo hukunjana, ukilegeza mno sufi huchungulia. Kiasi chake hujulikana kwa mkono, si kwa maneno. Mshono wa pili ni wa kurudia nyuma, ambao kila hatua sindano hurudi kuanzia pale ilipoishia hatua iliyotangulia, nao ni madhubuti, wa kutumia kila mahali patakapovutwa na mtoto. Wa tatu ni bandi tu, aijuayo kila mtu aliyewahi kushikiza nguo.

Jizoeze kwa kitumbua. Kata duara mbili za rangi ya hudhurungi zenye upana wa sentimita 7, na utepe wa rangi ya maziwa wenye urefu wa sentimita 22 na upana wa sentimita 2, kwa sababu kitumbua halisi, ukikitazama vizuri, kimeungua juu na chini ambako kiligusa kikaango, na kiuno chake kimebaki cheupe. Zungusha utepe katika duara ya kwanza kwa mshono wa ukingoni, unga ncha zake, shona duara ya pili mpaka ubaki upenyo wa kuingiza kidole, jaza sufi kidogokidogo ukiisukumia pembeni kwa kijiti, ufunge. Hicho cha kwanza, kitakachokuwa kimepinda, kifanye mto wako wa sindano, wala kisimwendee mtoto kamwe. Vitakavyofuata vitakuwa vizuri. Sambusa ni nyepesi kuliko hivyo: mraba wa sentimita 10 uliokunjwa pembe kwa pembe na kushonwa pande mbili, basi.

Sasa tuje kwenye bibo, ambalo kwa maoni yangu ndilo pambo la ushoni wote wa kusini. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, na leo mikoa ya Lindi na Mtwara haifikiriki bila yake. Na katika matunda yote niyajuayo hakuna lenye umbo la ajabu kama hili, ambalo mbegu yake hukaa nje, ikaning'inia chini ya tunda. Kata vipande vinne vya njano au vyekundu mithili ya majani marefu, kila kimoja sentimita 8 kwa urefu na sentimita 4 pale kilipo kipana, kimechongoka upande wa juu, ila upande wa chini kimekatwa sawa pakabaki upana wa sentimita 1 na nusu. Viunge ubavu kwa ubavu kwa mshono wa kurudia nyuma, upande wa ndani ukiwa nje, ukiacha nusu ya ubavu wa mwisho. Pindua, chini uzibe kwa duara ndogo ya sentimita 2, jaza mpaka lijae mkononi kama tunda bivu, ufunge upenyo. Mabibo hutofautiana: yako marefu, yako ya duara, yako yaliyoiva njano yakapigwa wekundu mabegani, ukitaka wekundu huo, utie kwa mishono mifupi ya uzi uliotawanyika, wala usiufanye mstari. Korosho yenyewe ni vipande viwili vya rangi ya kijivu vyenye umbo la figo, urefu wa sentimita 4, vilivyoshonwa ukingoni na kujazwa kigumu. Hapa una hiari. Waweza kuishikiza korosho moja kwa moja penye ile duara ya chini, kwa mishono mingi ya kurudia. Au, kwa mtoto mkubwa kidogo, ukaifanya ya kuchomolewa, kwa kishikizo kilichoshonwa katika bibo na tundu katika korosho, naye akavuna, akatenga korosho upande mmoja na mabibo upande mwingine, kama aonavyo wazazi wake wakifanya msimu wa mavuno. Mchezo huo wa kutenga nimeuona unawashughulisha watoto kuliko kupika kwenyewe.

Pweza hutaka akili zaidi ya mkono. Watu wengi hushona mikono minane mbalimbali wakaibandika mmojammoja, na baada ya siku chache mmoja uko kinywani mwa mtoto. Afadhali ukate duara moja ya zambarau au hudhurungi yenye upana wa sentimita 20, ukaache katikati yake upana wa sentimita 5 usioguswa, na sehemu iliyozunguka uigawe kwa mkasi iwe mikono minane inayopungua upana kwenda nchani. Hivyo mikono yote ni kipande kimoja wala hakuna wa kung'oka. Upande wa chini tia vinyonyeo, ambavyo kwa pweza wetu huenda kwa safu mbili, kwa vifundo vidogo vya uzi mweupe. Kichwa ni duara nyingine ya sentimita 12: ipige bandi kuzunguka ukingo, vuta uzi mpaka iwe mfuko, jaza sufi, kaza, uishone juu ya ile nafasi ya katikati. Samaki kama changu au pono atakatwa pande mbili tu, na uzuri wake wote umo katika magamba ya uzi na katika jicho. Mtie mistari mitatu ya hudhurungi ubavuni, kila mtu atajua ametoka juu ya makaa. Wali usiukate vipandevipande, kwa maana mchana kutwa utakuishia katika kuokota. Shona kuba moja nyeupe ikae juu ya sahani, uitone kwa mishono mifupi isiyofuata mpango. Na nazi iwe kifuu cha kweli, kilichosuguliwa kikalainika, kimetandikwa felti nyeupe ndani.

Ama mapambo, ambayo hutundikwa ukutani, mlangoni au juu ya kitanda cha mtoto, hapa fundi ana uhuru wa kucheza. Hilali na nyota za Idi hazina haja ya maelezo. Lakini nakusihi ushone mtepe. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, kinataja vyombo vilivyoshonwa katika mwambao huu, na mtepe, uliojengwa na mafundi wa visiwa vya Lamu mpaka mwanzoni mwa karne iliyopita, mbao zake ziliungwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari, tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne, na omo lake lilitiwa macho. Ni chombo gani basi kinachofaa kushonwa kuliko kile ambacho chenyewe kilikuwa mshono? Kata mbavu mbili za hudhurungi zenye omo refu lililoinuka, pitisha mistari ya mbao kwa uzi mnene wa nyuzi sita, na juu ya kila mstari shona mishono iliyokingamana, ionekane wazi. Tanga likate katika kipande cha mkeka mwembamba wa ukindu. Macho yawe duara nyeupe yenye kitone cheusi. Mwenye kufika Kilwa Kisiwani atakuta katika plasta ya kuta za kale vyombo vilivyochorwa kwa kukwaruzwa, navyo ni ruwaza nzuri mno. Na humohumo Kilwa wachimbaji walifukua vigurudumu vingi vya kusokotea uzi, vilivyochongwa katika vigae vya vyungu, hata mtu akiketi na uzi wake katika pwani hii hana sababu ya kujiona mgeni.

Kisha yuko mnyama wa Tendaguru, aliye wa Lindi kwa haki kamili. Katika kilima hicho, kaskazini magharibi ya mji, kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, kazi ikifanywa na mamia ya wachimbaji wetu chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa kwenda Berlin, ambako mmoja wao, Giraffatitan, amesimamishwa kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Watoto wengi wa Lindi hawajapata kumwona. Basi washonee wao wenyewe, na kwa ushoni aliye mzuri zaidi ni nduguye mdogo, Kentrosaurus, kwa kuwa mgongo wake una vibamba tangu shingoni hadi katikati, halafu miiba mirefu tangu hapo hadi mkiani, na vyote hivyo ni kukata tu. Kata mwili pande mbili, urefu wa shubiri moja na nusu. Vibamba na miiba vikate jozijozi kwa rangi inayong'aa, uvipange katikati ya pande mbili za mgongo kabla ya kushona, mshono mmoja uvishike vyote pamoja na mwili. Usisahau mwiba mmoja wa ziada kila upande wa bega.

Yako mambo ya hadhari ambayo sitayafupisha. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu usitie kishikizo, shanga wala jicho la kubandika. Macho yote yawe ya uzi. Kitu kisiwe kidogo kiasi cha kuingia chote kinywani, hivyo korosho ya kuchomolewa si yake bado. Kila mshono ukiisha, uvute kwa nguvu kama atakavyouvuta yeye. Sindano zihesabu kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na isipotimu moja, pekua kazi yote mpaka ionekane, hata ikibidi kufumua. Uzi wa kutundikia mapambo usifikiwe na mtoto aliyelala.

Vyakula hivi vikichafuka usivitie katika maji ya moto, maana vitajikunyata tena. Vipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi na sabuni kidogo, uvianike penye upepo. Hewa yetu ya baharini ina unyevu, na sufu iliyofungiwa kabatini hupata kuvu na kuliwa na nondo. Kwa hiyo vitoe juani kila baada ya majuma machache, isipokuwa vile vilivyotiwa rangi ya manjano, ambavyo utaviweka kivulini penye upepo, uvikung'ute, na katika kasha lake tia karafuu au majani makavu ya mwarobaini. Weka akiba ya vipande vya kila rangi uliyotumia pamoja na uzi wake, vimefungwa na kuandikwa, kwa sababu pezi la changu litachanika kabla ya mwaka kwisha, na sufu ya rangi ileile huenda usiione tena katika mitumba.